Mawe Manne Kando ya Dimbwi

Kila asubuhi, kabla kengele ya shule haijagongwa, Kezia alishuka bondeni na ndoo yake kuteka maji. Kijiji chao, Nyamutoma, kilikuwa juu kidogo ya barabara itokayo Kibondo kwenda Kasulu, na kijito cha bondeni hakikukauka hata kiangazi. Kando ya kijito hicho kila kaya ilikuwa na dimbwi lake la kuloweka mihogo, limechimbwa kwa jembe na kuzungushiwa udongo. Mihogo ya huko ni ile michungu, yenye sumu. Wenyeji wanaijua sumu hiyo tangu enzi za mababu zao: unaimenya mihogo, unailoweka siku nne, unaianika juani mpaka iwe makopa, ndipo unasaga unga wa ugali.

Siku hizo nne hazikuandikwa popote. Kila asubuhi mtoto aliyekwenda kuteka maji aliokota jiwe dogo jeupe, akaliweka ukingoni mwa dimbwi la kwao. Mawe yakifika manne, mama anashuka kuopoa mihogo. Hakuna aliyegusa mawe wala mihogo ya mwenzake. Mwaka uliotangulia mwanamke mmoja alikamatwa akiiba mihogo dimbwini kwa jirani, akachapwa fimbo hapo hapo ndani ya maji mpaka maji yakabadilika rangi. Kezia aliyaona hayo kwa macho yake. Tangu siku hiyo alipita mbali na madimbwi ya watu.

Huo ulikuwa mwaka 1999, na Nyamutoma ilikuwa na njaa. Mvua za El Nino zilikuwa zimeozesha maharage shambani, kisha msimu uliofuata mvua ikagoma kabisa. Njaa ikaleta hasira. Watu walishikana mashati kwa sababu ya mbuzi aliyevuka mpaka wa shamba, au kwa sababu ya nafasi katika foleni ya mashine ya kusaga. Sungusungu, yaani walinzi wa kijiji, walizunguka na fimbo mchana na usiku. Kiongozi wao alikuwa Kipriani, bwana mrefu mwenye mabega mapana, ambaye akikushuku aliuliza swali moja tu na kabla hujamaliza kujibu alikuwa ameshapiga.

Kezia alikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la sita. Aliishi na mama yake na mdogo wake Irakoze, mwenye miaka mitano. Baba yao alikuwa Uvinza, akifanya kazi kwenye chumvi. Mama Kezia alikuwa ameingia Tanzania mwaka 1972 akiwa amebebwa mgongoni na bibi yao, wakikimbia mauaji ya Burundi. Alikulia Nyamutoma, akaolewa hapo, akawa raia kama raia wengine. Lakini watu wakikasirika hukumbuka mambo ya zamani haraka sana, na Mama Kezia alilijua hilo. Kwa hiyo aliishi kwa uangalifu, hakugombana na mtu, na hakukosa hata siku moja kwenye kilimo cha zamu.

Kilimo cha zamu kilikuwa hivi: majirani wanakusanyika wanalima shamba la mmoja wao, na siku hiyo mwenye shamba anawapikia. Wiki inayofuata wanakwenda kwa mwingine. Zamu ya Mama Kezia ilikuwa inakaribia.

"Menya mihogo hii uiloweke leo leo," alimwambia Kezia Jumamosi moja asubuhi, akimwonyesha kapu lililojaa. "Jumamosi ijayo watu wanakuja kulima kwetu. Nataka unga uwe tayari."

"Ego, mama," Kezia aliitikia. Ndiyo.

Mama akaenda shamba. Kezia akajitwika kapu akashuka bondeni, na angekuwa ameimaliza kazi kabla ya saa sita, lakini kutoka uwanja wa shule alisikia filimbi. Timu ya kijiji ilikuwa inacheza na timu ya Makere. Ukweli usemwe, Kezia alipenda mpira kuliko wavulana wengi waliokuwa wakiucheza. Akalificha kapu ndani ya majani marefu ya mabingobingo, akajiambia kwamba atarudi mapumziko. Hakurudi mapumziko. Timu yao ilishinda mabao mawili kwa moja, watu wakaimba mpaka jioni, na mihogo ikalala ndani ya majani.

Jumapili ilikuwa kanisani kutwa. Jumatatu mwalimu aliwachelewesha kufyeka uwanja. Jumanne magharibi Kezia alipofika bondeni, alikuwa ameshachelewa siku tatu nzima. Alimenya mihogo upesi upesi, vidole vikimuuma, akaitumbukiza dimbwini. Kisha akasimama akiutazama ule ukingo mtupu. Mama akija asikute jiwe hata moja, fimbo ya mpera iliyokuwa juu ya mlango ingeshuka. Kezia akaokota mawe matatu meupe akayapanga kwa mkupuo: la Jumapili, la Jumatatu na la Jumanne. Asubuhi ya Jumatano akaongeza la nne.

Siku hiyo hiyo mama alishuka. Aliingiza mkono majini, akaubonyeza muhogo mmoja, akakunja uso.

"Mbona migumu hivi?"

Kezia alikuwa anasuuza ndoo. Hakuinua kichwa. "Labda maji ni ya baridi, mama."

Mama akayatazama mawe. Akayahesabu kwa kidole, moja mpaka nne. Akaopoa mihogo yote, akaivunjavunja, akaianika juu ya mwamba. Kezia akajifariji kwamba jua la siku mbili litamaliza kile ambacho maji hayakumaliza. Alijua si kweli. Hata mtoto wa darasa la kwanza Nyamutoma angejua si kweli.

Ijumaa jioni alitumwa mashineni na makopa yale. Kwa kuwa yalikuwa machache, mama alimwambia anunue makopo mawili ya mahindi ya njano ayasage pamoja nayo. Mahindi hayo yalitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Wakimbizi walipewa kama chakula cha msaada, nao waliuza kidogo ili wapate chumvi, sabuni na nguo za watoto. Muuzaji alikuwa Mama Elise, Mkongo mwembamba mwenye sauti ya chini, aliyekaa kwenye baraza ya mashine kila Ijumaa na Jumamosi pamoja na binti yake. Elise alikuwa rika moja na Kezia.

Foleni ilikuwa ndefu, na ndani ya foleni kulikuwa na ubishi. Isihaka, mwenye mashine, alikuwa mtu wa redio. Alisikiliza taarifa za habari zote, za ndani na za nje, kisha akazisaga upya kwa wateja wake.

"Mahindi hayo yametengenezwa," alisema, akielekeza kidole kwenye gunia la Mama Elise. "Huko Marekani wataalamu wanachukua chembe ya kijidudu cha udongoni, wanaipandikiza ndani ya mbegu ya mahindi. Funza akitafuna bua anakufa. Ulaya watu wameandamana kuyakataa."

"Funza anakufa?" aliuliza Kipriani, aliyekuwa ameegemea mlango. "Na mtu je?"

"Hapo ndipo wanapobishana."

Mwalimu Makarius, aliyefundisha sayansi, alikuwa kwenye foleni na debe lake. "Bwana Isihaka, malizia habari yote," alisema. "Wapo wanaosema mbegu hizo zitawapa wakulima mavuno makubwa bila dawa nyingi za wadudu. Tena wewe umejuaje kwamba haya ni hayo? Mahindi ya njano yalikuwepo duniani kabla hatujazaliwa. Rangi haituambii kitu."

"Mwalimu, wewe yaamini mavitabu yako," Kipriani alisema. "Mimi nasema tunaletewa sumu ili tusizae." Akalipiga teke gunia, mahindi yakamwagika kwenye vumbi.

Mama Elise alipiga magoti akaanza kuyazoa. "Baba, batoto bangu banakulaka hii muhindi kila siku," alisema bila kupandisha sauti. "Kama ni sumu, miye nitaipa batoto bangu?"

Watu wengine walicheka. Elise alimpimia Kezia makopo mawili, halafu akaongeza konzi moja juu.

"Nakuongezea kidogo, juu wewe hautuchekake," alinong'ona.

Kezia aliona haya kwa kusifiwa kwamba hawacheki, akashukuru. Isihaka akasaga mahindi na makopa pamoja, na unga ukatoka wa manjano hafifu.

Jumamosi watu kumi na wawili walikuja kulima, akiwemo Kipriani na binti yake mdogo. Jua lilipofika utosini mama alitenga ugali na mboga ya majani ya maboga. Watu walikula kwa njaa ya kweli.

"Una uchungu huu ugali," mmoja alisema.

"Uchungu wa mahindi ya kizungu," alisema Kipriani, lakini alimega tonge jingine, maana tumbo lake halikuwa na siasa. Kezia alikula matonge matatu tu, akanawa. Alimwona Irakoze akikomba sufuria kwa vidole na alitaka kumpokonya. Angesema nini lakini? Akamwacha akombe.

Haikupita saa moja. Irakoze ndiye aliyeanza: alitapika, akajaribu kusimama, miguu ikakataa. Binti wa Kipriani akaanguka juu ya jembe. Wanaume wazima walishika matumbo yao, wakashika vichwa, wakayumba kama walevi. Mama Kezia alimbeba Irakoze mgongoni akakimbia naye zahanati, na Kezia akakimbia nyuma yake. Kipriani aliwapita njiani, binti yake mikononi, kichwa cha mtoto kikining'inia.

Daktari Tamimu alikuwa peke yake na muuguzi mmoja. Alitundika dripu mbili, moja kwa Irakoze, moja kwa binti wa Kipriani, waliozidiwa kuliko wote. Wengine waliwekwa sakafuni. Watoto wale wawili walihema mbio mbio na midomo yao ilikuwa imebadilika rangi.

"Walikula nini?" daktari aliuliza huku akitafuta mshipa.

"Ugali wa muhogo," mama alijibu.

"Mihogo ililala majini siku ngapi? Nieleze ukweli, mama, maana dalili hizi nazijua."

"Nne. Nimehesabu mawe kwa mkono wangu mwenyewe. Muulize Kezia."

Daktari akamgeukia Kezia. Chumba kizima kilimgeukia. Kezia alifungua mdomo. Alimwona Kipriani amesimama mlangoni, mishipa ya shingo imemtoka, na akaisikia tayari sauti yake ikisema kwamba mkimbizi wa zamani amewalisha watu sumu. Aliona nyumba yao ikichomwa. Alimwona mama yake ndani ya maji, kama yule mwanamke wa dimbwini.

"Nne," alisema.

"Basi sielewi," daktari alisema polepole. "Kulikuwa na kitu kingine ndani ya unga?"

"Mahindi ya njano tu," mama alisema. "Ya Mama Elise, pale mashineni."

Aliyasema bila ubaya wowote, kama mtu anavyojibu alichoulizwa. Lakini mlango ulikuwa mtupu. Kipriani alikuwa ameshatoka, na huko nje sauti yake ilikuwa inawaita watu kwa majina.

Kezia alibaki amesimama kwa muda ambao baadaye aliujutia maisha yake yote. Kisha akatoka mbio.

Kutoka zahanati mpaka mashineni ni mwendo wa dakika kumi. Kabla hajafika alisikia kelele. Watu walikuwa wengi kuliko waliokula ule ugali. Hasira huokota hata wasiohusika. Gunia la mahindi lilikuwa limechanwa kwa panga na punje za njano zimetapakaa mpaka barabarani. Mama Elise alikuwa chini, amejikunja, mikono juu ya kichwa. Kipriani alimpiga kwa ile fimbo ngumu ya sungusungu, na kila alipopiga aliuliza swali lile lile.

"Mmemtilia nini mtoto wangu? Mmemtilia nini?"

"Muhindi tu, baba. Ni muhindi tu."

Fimbo ikashuka juu ya mkono wake, na Kezia alisikia mfupa ukivunjika. Elise alikuwa ameshikwa na vijana wawili. Alipiga mateke, aliuma, alilia kwa lugha yao, mdomo wake ukitoka damu. Kijana mmoja akatoka nyuma ya mashine na dumu la dizeli.

"Acheni," Kezia alisema. Hakuna aliyesikia. Akasema tena kwa sauti, na bado hakuna aliyesikia, kwa sababu umati ule ulikuwa haujaja kusikiliza. Basi akapita katikati ya miguu ya watu akajilaza juu ya Mama Elise. Fimbo iliyokuwa njiani ilimpata begani. Maumivu yalikuwa makali hata hakuweza kupumua.

Kipriani alimshika nguo akamwinua juu kwa mkono mmoja. "Toka hapa."

"Ni mihogo," Kezia alisema. "Si mahindi. Mihogo yetu ililala usiku mmoja tu. Mawe niliyaweka mimi. Niliyaweka matatu kwa mara moja, nilikuwa nimekwenda mpirani. Mama hajui. Ni mimi."

Kipriani alimtazama, na kwa muda mfupi ilionekana kwamba ameelewa. Kisha macho yake yakawa madogo.

"Umetumwa. Mnafichana nyinyi. Mkimbizi na mkimbizi."

"Na nyumbani kwao twende," sauti ikasema kutoka nyuma. Lile ambalo Kezia aliliogopa sasa lilikuwa limefika. Cha ajabu ni kwamba lilipofika hakuliogopa tena, alilia tu kwa uchungu kwamba amesema akiwa amechelewa.

Hapo ndipo Isihaka alipotoka ndani ya nyumba yake, iliyokuwa nyuma ya mashine. Mikononi alikuwa na sufuria. Uso wake ulikuwa umejaa unga na jasho, na alitembea kama mtu anayekwenda kuungama, ambavyo ndivyo ilivyokuwa. Akaiweka sufuria chini, akafunua. Ndani kulikuwa na kiporo cha ugali wa njano tupu, usio na muhogo hata kidogo.

"Mimi nanunua mahindi ya mama huyu wiki ya tatu sasa," alisema. "Mke wangu anakula. Watoto wangu sita wanakula. Tunakula usiku tukiwa tumefunga mlango."

"Wewe?" Kipriani aliuliza. "Wewe uliyetuambia ni sumu?"

"Nilisema wanabishana. Halafu nikanogewa na maneno, kwa sababu mlikuwa mnanisikiliza." Akamega tonge, akalitia mdomoni, akatafuna mbele yao wote mpaka akameza. Akamega la pili. "Kama ni mahindi yaliyowaangusha watu, mimi ningekuwa nimeshazikwa. Mtoto anasema kweli. Mwacheni mama wa watu."

Aliyeshika dumu aliliweka chini. Aliyemshika Elise alimwachia. Mmoja mmoja watu wakaanza kukumbuka kwamba wana mbuzi wa kufunga, wana wagonjwa wa kuangalia, na nusu saa baadaye usingempata mtu hata mmoja Nyamutoma aliyekubali kwamba alikuwepo pale. Kipriani alibaki amesimama peke yake na fimbo yake, akiuangalia mkono wa Mama Elise ulivyopinda. Isihaka na Mwalimu Makarius, aliyekuwa amefika mbio baada ya kusikia kelele, walimlaza mama yule kwenye machela ya magunia wakambeba zahanati. Kezia na Elise walifuata nyuma.

Daktari Tamimu alimlaza Mama Elise kwenye kitanda kilichokuwa kando ya Irakoze, kwa sababu hakukuwa na kingine. Kezia alisimama katikati ya vitanda hivyo viwili na akarudia maneno yake yote tangu mwanzo, safari hii mbele ya mama yake. Daktari alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema sasa anajua anapambana na nini. Kisha akarudi kwa watoto.

Kezia alisubiri kupigwa. Siku ile kila mtu alikuwa amepiga mtu, na bega lake bado lilikuwa linawaka. Lakini mama alikaa tu sakafuni, mgongo ukutani.

"Mkono wangu uliuona ule ugumu," alisema. "Nikauambia mkono unyamaze, kwa sababu mawe yalikuwa manne."

Kezia alilia mpaka akaishiwa machozi. Angependelea fimbo.

Alfajiri Irakoze aliomba maji. Binti wa Kipriani alifumbua macho saa mbili asubuhi. Hakufa mtu, na daktari mwenyewe alisema hawezi kueleza bahati hiyo. Ila Mama Elise alikuwa amepoteza meno mawili, na mkono wake ulihitaji hospitali ya kambi. Wakati wakisubiri gari, Elise alimfuata Kezia nje.

"Juu ya nini haukusema mbele?" aliuliza. "Kule ku zahanati. Balikuuliza siku, ukasema ine."

"Niliogopa."

"Miye pia niliogopa," Elise alisema. Hakusema kwa hasira. Aligeuka akapanda gari pamoja na mama yake, na Kezia hakupata usingizi usiku ule kwa sababu ya maneno hayo matatu.

Polisi wa Kasulu walikuja Jumatatu wakamchukua Kipriani na wenzake wawili. Jioni yake kijiji kilikutana shuleni. Daktari Tamimu alisimama mbele, macho yake mekundu kwa kukosa usingizi, na mtu wa kwanza kunyoosha mkono aliuliza kama yale mahindi yalikuwa ya kutengenezwa au la.

"Sijui," daktari alisema. "Gunia halikuandikwa, na sina chombo cha kupimia. Wataalamu wenyewe bado wanabishana. Wapo wanaoona mbegu hizo zitalisha wenye njaa. Wapo wanaosema tusubiri, tuone miili na mashamba yatakuwaje baada ya miaka mingi, na tujue mbegu itakuwa mali ya nani. Ubishi huo ni halali. Nyinyi mnaokula mna haki ya kuuliza gunia limetoka wapi na lina nini ndani. Ulizeni mpaka mjibiwe. Lakini Jumamosi hamkuuliza. Mlimvunja mkono mama aliyekuwa anatafuta sabuni ya watoto wake. Na sumu yenyewe ilikuwa ile mnayoijua kuliko mimi, ndani ya chakula chenu wenyewe, mwaka wa ukame ambapo mihogo inazidi uchungu." Akafikicha macho. "Mtu mmoja alisema ukweli siku ile, akapigwa. Wa pili akasema, watu wakarudi nyumbani. Fikirieni ingekuwaje kama ungesemwa saa moja kabla."

Kezia aliinamisha kichwa. Hakuna aliyemtazama vibaya, na hilo nalo lilikuwa gumu kulibeba.

Mwezi ulipita. Ijumaa moja Mama Elise alirudi kwenye baraza ya mashine, mkono mmoja umefungwa kwa kitambaa shingoni, Elise akipima kwa niaba yake. Mteja wa kwanza alikuwa Mama Kezia, akiwa na Kezia. Wa pili alikuwa mke wa Kipriani, aliyefika amejitanda kanga mpaka machoni, akanunua kopo moja, akasimama pale akiutazama mkono uliofungwa. Kezia alimwekea Elise fungu la mboga ya maboga kando ya gunia. Elise alilitazama, halafu akaongeza konzi juu ya kopo lao. Hakutabasamu. Ilitosha kwa siku hiyo.

Nyumbani unga ulikuwa umekwisha tena. Mama alimpa Kezia kapu la mihogo.

"Menya, uloweke," alisema. "Nitashuka mawe yakifika manne. Sitabonyeza."

Siku ya nne mama alishuka na kapu tupu, Irakoze akirukaruka nyuma yake, maana tangu juzi walikuwa wanalalia mboga tu, na mama alikuwa amemwahidi mihogo michache ya kuchemsha usiku ule. Ukingoni mwa dimbwi kulikuwa na mawe matatu. Kezia alikuwa amesimama kando yake na ndoo.

"Siku ile uliyonipa kapu niliumwa na tumbo, nikaloweka kesho yake," alisema. "Nilipaswa kukuambia. Bado siku moja, mama."

Irakoze akaanza kulia kwa njaa. Mama aliyatazama yale mawe matatu, akamtazama binti yake, kisha akaokota kapu lake tupu na kumshika Irakoze mkono.

"Usilie, mwanangu. Dada yako akisema matatu, ni matatu," alisema, akianza kupanda mlima. "Leo tutalala njaa. Lakini kesho tutaamka wote."